TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 16: Aliyetoka Gerezani Akasahau

Ndugu zangu wa hapa Mbeya na wenzetu wa Iringa mnaotusoma.

Leo naanza kwa kukiri kosa langu. Juzi baada ya Adhuhuri nilimkuta kijana wetu mmoja kaegemea nguzo ya nyuma, kainamia simu. Nikamwambia, tena kwa sauti watu wakisikia: "Kijana, huu ni mwezi wa Qur'ani, si mwezi wa kuchati." Akaifunga simu, akasema, "Samahani ustadhi." Jioni mama yake akanipigia. Kumbe mtoto alikuwa anasubiri jibu la mtu wa Telegram anayejiita mtaalamu wa ajira. Alishamtumia 20,000 ya fomu, akaambiwa 50,000 ya vipimo vya afya, akaambiwa tena 80,000 ya kumuona bosi. Jumla 150,000, hela ya viazi aliyouza mama Mwanjelwa. Siku niliyomkemea ndiyo siku aliyogundua kwamba ile namba haipatikani tena.

Nimemwomba radhi. Ameniruhusu niandike haya bila jina lake.

Jamani, hali tunaijua. Mwanzoni mwa 2025 waombaji zaidi ya 200,000 waliitwa kwenye usaili wa ualimu, na nafasi zenyewe hazikufika 15,000. Kijana kamaliza MUST hapa, au Mkwawa kule Iringa, karudi nyumbani, bahasha ya vyeti iko juu ya kabati. Baba fundi, mjomba mkulima, hakuna ndugu aliyewahi kukaa kwenye chumba cha usaili. Amuulize nani kama si simu?

Na kuuliza si aibu. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipofika Madina hana kitu, Saad bin Rabii (r.a.) alitaka kumpa nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, akaomba jambo moja tu: aonyeshwe soko liko wapi. Akaonyeshwa, akaanza kuuza jibini na samli. Angalieni alimuuliza nani. Alimuuliza mwenyeji, mtu anayejulikana nyumba yake na ukoo wake. Na Saad hakumtoza hela ya maelekezo.

Kwa hiyo mimi siwaambii vijana wafute Telegram au wasiingie LinkedIn. Humo wamo watu wa kheri wengi, wanaofundisha bure namna ya kuandika CV na namna ya kujibu usaili. Ila mtazame mtu kabla hujamsikiliza. Kafanya kazi wapi? Jina lake ni la kweli? Wapo wanaomfahamu nje ya simu? Tumeamrishwa kuhakiki habari ikiletwa na mtu asiyeaminika, na tangazo la kazi nalo ni habari. Ukiona bango lina nembo ya serikali, na chini yake namba ya mtu binafsi, usimpigie. Nenda kwenye Ajira Portal yenyewe uone kama nafasi ipo. Sekretarieti ya Ajira haiuzi fomu wala haiuzi nafasi. Kama ni kampuni, tafuta ukurasa wake, au panda daladala uende ofisini ukaulize mapokezi.

Kumlipa mtu anayejulikana akuandikie barua vizuri hakuna ubaya, hiyo ni huduma. Lakini hela ya "kumuona bosi" hata bosi angekuwepo kweli ingekuwa rushwa, na Mtume wetu (s.a.w.) kamlaani mtoaji na mpokeaji. Hili nalisema kwa upole maana kijana ameumia. Ila nalisema.

Meseji za kitapeli msifute tu. Tumeni neno UTAPELI kwenda 15040, fuateni maelekezo, namba ile ishughulikiwe. Leo mwizi kaja na "ile hela tuma kwenye namba hii", kesho anakuja na ajira.

Na ukimpata mtu wa kweli, muulize kiungwana. Usimwandikie "mambo, naomba koneksheni". Msalimie, sema wewe ni nani, umesoma nini, kisha swali moja analoweza kulijibu akiwa anasubiri futari. Kwa mfano: "Nimesoma misitu, nataka kuomba kazi kwenye viwanda vya mbao Mafinga. Usaili wao huwa wanauliza nini?" Swali la namna hiyo linajibika. Na asipojibu usimchukie.

Sasa nije kwetu sisi wenye kazi, maana usiku wa jana hili ndilo lililoninyima usingizi. Nabii Yusuf (a.s.) akiwa gerezani alimwambia mwenzake anayekaribia kutoka: nikumbuke kwa bwana wako. Yule mtu akatoka, akarudi kwenye kazi yake nzuri ya kumnywesha mfalme, akasahau. Yusuf akabaki ndani miaka kadhaa. Wanazuoni wamelizungumza sana ombi lile la Yusuf, sitaingia huko leo. Mimi namtazama yule aliyesahau. Hatuambiwi kwamba alimchukia Yusuf. Alikula, akalala, akaenda kazini. Alikumbuka siku mfalme alipoota ndoto ikakosa mfasiri, yaani siku Yusuf alipohitajika.

Kwenye chaneli hii wamo wahasibu, wauguzi, walimu, watu wa forodha Tunduma, watu wa benki. Kuna baba mmoja, safu ya pili kila Ijumaa, ni afisa utumishi miaka mingi, amesoma CV za watu mpaka macho yamechoka. Kijana wetu anasali safu ya nne. Kati yao ni safu moja tu, na kijana akaenda kumuuliza mtu asiyemjua sura. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ustadhi, nilimtumia meseji mwezi wa kumi na mbili. Tiki zikawa za bluu."

Baba huyo nimeongea naye. Alisikitika sana, akasema aliiona meseji akiwa safarini, akasema atajibu akifika.

Leo baada ya tarawehe atakaa upande wa kabati la misahafu, na dada mmoja muuguzi atakuwa upande wa akina mama. Vijana njooni na CV, hata kama iko kwenye simu. Simu iwe na chaji, umeme siku hizi mnaujua. Wa Iringa, andikeni hapa chini umesoma nini na unatafuta nini, msiweke namba zenu hadharani, nitawaunganisha mmoja mmoja. Na wewe mwenye kazi, kabla ya kufuturu leo rudi kwenye meseji zako za nyuma, uangalie ni nani hukumjibu.