Fundi, weka chini kipuri hicho

Kijana fundi wa Lulimba, kazi yako ya asubuhi naijua. Motari ametoka Misisi na pikipiki yake imezimika mara tatu njiani. Kila mara aliisukuma hadi kivulini, akakaa, halafu ikawaka kana kwamba haikuwa na neno. Sasa iko mbele ya garaji yako, inanguruma vizuri kabisa. Yeye ana haraka, na wewe umekwisha kushika bobini mpya mkononi. Iweke chini. Hujajua bado unatibu ugonjwa gani.

Pikipiki iliyokufa kabisa hata mwanafunzi ataifufua, maana imetulia ikingoja kupimwa. Hii inayokufa na kufufuka ndiyo inayompima fundi. Wengi huishindwa kwa sababu wanabahatisha: leo bujie, kesho karibureta, keshokutwa bobini. Fedha za motari zinaisha, ugonjwa unabaki palepale.

Anza kwa kuuliza. Ilizimika ghafla, kama mtu aliyezungusha ufunguo? Mara nyingi huo ni umeme. Ilikohoa, ikalegea, ndipo ikafa? Mara nyingi hiyo ni esansi. Ilikuwa imepata moto? Ilikuwa imetoka kwenye mvua? Alikuwa anakata kona? Kila jibu linakufungia njia moja ya uongo.

Kisha muulize ameongeza nini. Pikipiki zetu hazibaki kama zilivyotoka kiwandani: taa kubwa za usiku, redio, chaja ya simu, king'ora. Kila kimoja kimechomekewa waya uliosokotwa kwa vidole na kufunikwa kwa plastiki. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie motari akuonyeshe yote. Yaondoe yote kwanza, rudisha njia ya umeme ya asili, halafu upime. Ukiacha nyongeza hata moja, hutajua kama unapima pikipiki au unapima redio.

Sasa utafute ugonjwa wakati upo. Bobini iliyochoka inaweza kutoa cheche nzuri ikiwa baridi na kunyamaza ikipata moto, kwa hiyo kuipima asubuhi kivulini ni kujidanganya. Panda, nenda nayo barabarani hadi izimike mikononi mwako. Ikizimika, usiikimbilie kiki. Fungua kifuniko cha tangi: ukisikia hewa ikivutwa ndani na pikipiki ikawaka baada ya hapo, tundu la kifuniko limeziba kwa vumbi, na dawa yake ni sindano na dakika mbili. Legeza skrubu ya chini ya karibureta, kinga kwa chupa safi: maji ni mazito kuliko esansi, yatajionyesha chini. Ondoa chupa mbali, funga vizuri, ndipo uangalie cheche ya bujie kwenye chuma cha injini.

Cheche ikikosekana, fuata waya. Pikipiki ikiwaka tena, iache injini ikiunguruma taratibu, geuza usukani kushoto na kulia, tikisa waya mmoja mmoja. Pale shingoni, waya hukunjwa kila kona, na shaba inaweza kukatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Ukigusa mahali injini ikashtuka, umefika. Huna mashine ya kupimia umeme? Taa ndogo yenye waya mbili itakuonyesha kama umeme wa betri unafika.

Usiseme ufundi wa namna hii ni wa watu wa mbali. Joginder Singh alizaliwa Kericho, Kenya, akakulia katika kazi ya garaji kabla ya kushindana. Mwaka 1965 alishinda mashindano ya magari ya Safari Rally kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kutumika, akarudia kushinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mashindano hayo yalivunja magari: mwaka 1963 yalianza 84, yakamaliza 7 tu. Vumbi lile, matope yale, unayajua. Barabara ya taifa namba 5, kutoka Kalemie kupitia kwetu hadi Fizi na Baraka, inakufundisha kila siku, na hailipishi ada.

Kwa hiyo nunua daftari. Andika: pikipiki gani, ilizimika vipi, ulipima nini, chanzo kilikuwa wapi. Baada ya msimu mmoja wa mvua utakuwa na kitabu ambacho hakiuzwi Uvira wala Kigoma. Mruhusu mdogo wako wa garaji akisome. Na ukikosea, andika pia kosa lako, maana kosa lililoandikwa halirudii kumlipisha mteja.

Mfikirie anayepanda nyuma ya motari huyo. Pengine ni mama mjamzito anayekimbizwa hospitalini usiku, na kati ya hapa na pale hakuna nyumba. Uzima wake umepita mikononi mwako asubuhi hii bila yeye kukujua.

Kwa hiyo acha bobini mezani. Chukua ufunguo kwa motari, mwambie akae nyuma, na muende pamoja kuitafuta ile kona inapozimika.