Nauli ya Kucha

Rangi yenyewe ilikuwa kijani kama mgongo wa yule nzi wa chooni, na ndani yake glita nzito ya dhahabu. Niliipaka Jumapili jioni nikiwa nimekaa kitandani, mlango wazi, kwa sababu harufu ya cutex ndani ya chumba cha futi 10 kwa 10 si mchezo. (Cutex, kwa wasiojua, ni jina la kampuni ya Marekani iliyoanza 1911 kwa kuuza dawa ya kulainisha ngozi ya pembeni mwa kucha. Sisi tukaligeuza likawa jina la kitu chenyewe, vile tulivyofanya na jiki.)

Mimi si mtu wa rangi za kelele. Nilisomea upishi, na jikoni tulifundishwa kwamba kucha ni fupi na tupu, kwa hivyo hata baada ya kumaliza chuo nilibaki na ile cutex isiyo na rangi, ambayo ukiniuliza ni kama kupaka maji. Glita nayo haina adabu hiyo. Ukiipaka kwa brashi kama rangi ya kawaida, mkono wa kwanza unatoka kama mchanga uliomwagwa: hapa punje tatu, pale ukucha mtupu. Niligundua unachovya kipande cha sponji ya godoro, unagusisha, husugui. Sponji inanyonya majimaji, glita inabaki kwenye ukucha. Unangoja ikauke, unarudia. Mkono wa kushoto ulitoka fiti kabisa. Wa kulia ni kama ulipakwa na mtoto wa PP1.

Mathe akaingia nikiwa bado napuliza.

"Hiyo umetoa wapi?"

"Toi."

"Na pesa?"

Sasa hapo ndipo maneno yalipoanza. Ijumaa alikuwa amenipa mia moja ya kwenda tao kupeleka karatasi zangu za kazi: hamsini ya kwenda, hamsini ya kurudi. Nilitoka Gatwekera kwa miguu. Nikashika barabara ya Ngong, nikapita Prestige, nikapita mochari ya City, nikaibukia Community na vumbi lote la safari likiwa kwenye viatu. Karatasi zikapokelewa na askari wa mlangoni, akaziweka juu ya rundo la wenzangu. Nikarudi vilevile, kwa miguu, na nilipofika Toi ile mia bado ilikuwa mfukoni. Chupa ilikuwa mia moja.

"Nilikupa nauli," mathe akasema. "Sikukupa rangi."

"Nauli ni ya kufika, mama. Si nilifika?"

Hakujibu. Akavua viatu, akakaa kwenye stuli, akaanza kujipaka mafuta ya kujikanda mikononi. Mathe ni mama fua. Hiyo mia ilitoka kwenye beseni ya mtu wa Kilimani, kwa mikono ambayo jiki imeila mpaka alama za vidole hazisomeki vizuri.

Nimelifikiria jibu langu tangu siku hiyo, na kila nikilirudia linazidi kunuka. Nauli niliyoikomboa kwa miguu yangu ni ya nani? Kuna upande unaosema ni yangu: jasho ni langu, saa tatu za kwenda na kurudi ni zangu, na kazi aliyonituma niliifanya. Ni kama fundi ukimpa hela ya misumari mipya, naye akatumia ya zamani aliyoinyoosha mwenyewe. Lakini fundi huyo naye ana la kujibu, si ndiyo? Ulilipia misumari mipya kwa sababu ulitaka mlango ukae.

Mathe hakununua kufika. Kufika angeniambia nitembee. Yeye mwenyewe hutembea hadi Kilimani kila siku na hajawahi kuona ni habari. Alichonunua kwa ile mia ni mimi kufika bila jasho, viatu safi, nikionekana mtu aliyeshuka kwenye gari. Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba hata kibarua wa Ulaya ya wakati wake angeona haya kusimama mbele za watu bila shati la kitani, ingawa shati hilo si kitu mwili unahitaji ili kuishi. Nauli ya mathe ilikuwa shati langu la kitani. Alinivalisha kwa ajili ya macho ya askari wa mlangoni, nami nikaliuza hilo shati Toi nikanunua kitu cha macho yangu.

Kuna watu wangenitetea haraka sana. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwenye kitabu chao cha 2011, wanamtaja mwanamume wa kijiji kimoja huko Moroko ambaye chakula hakikumtosha lakini nyumbani kwake kulikuwa na televisheni. Wao hawamcheki. Wanasema maisha ya ufukara yanachosha kwa kukosa raha, na mtu si tumbo tu. Nakubali. Lakini televisheni inaangaliwa na nyumba nzima. Kucha kumi ni za mtu mmoja. Na ile lugha ya Instagram ya kujipenda, ati unastahili, jitunze kwanza, inanipita tu. Iliandikwa na mtu mwenye bafu lake.

Bado siwezi kusema ile chupa ilikuwa upuuzi. Midomo ukiipaka unahitaji kioo, na chetu ni saizi ya kiganja, kimetundikwa karibu na mlango ambapo mwanga unafika. Uso wako ni wa watu wengine. Wao ndio wanaoutazama mchana kutwa. Kucha ni pambo ambalo mwenyewe unaliona kuliko yeyote. Unaziona ukimenya viazi, ukihesabu chenji, ukishika simu kungoja ile namba usiyoijua ipige. Rafiki yangu wa Makina, Mnubi, hupaka hina siku za kawaida kwa sababu cutex inazuia maji ya udhu yasifike kwenye ukucha. Zile siku chache za mwezi asizoswali ndizo anapaka rangi, na huwa anachagua ile inayong'aa kuliko zote. Nilimuuliza kwa nini ajisumbue kwa siku tano, na nyingi yuko ndani. Akaniuliza, kwani huko ndani hayuko?

Kwa hivyo naona nilikosea kwa nauli na sikukosea kwa rangi, na haya mawili hayafutani. Kama ningemwomba mathe mia ya cutex angesema hapana, na angekuwa na haki. Hilo ndilo linanisumbua zaidi: nilijua jibu, ndiyo sababu sikuuliza.

Basi Jumapili hiyo hatukuongea mpaka tokeni ikaisha. Giza likaingia pyu. Nikawasha tochi ya simu nitafute kibiriti, na mwanga ulipogonga kucha zangu mabati ya juu yakajaa vitone, kama mtu aliyemwaga mchele wa moto. Mathe akainua kichwa kuvitazama. Nikasogeza vidole, vikatembea. Nikavisogeza tena.

"Leta hapa," akasema.

Nikadhani anataka tochi. Akanyoosha mkono wa kushoto, vidole vinne amevikunja, kidole cha mwisho kimesimama peke yake.

"Hiki kimoja tu. Hiki hakifui."

Nilikigusisha kwa sponji taratibu, mara mbili, nikimwambia angoje kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Ukucha wake ni mgumu na una mistari, na glita iliingia kwenye ile mistari ikakaa vizuri kuliko kwangu. Alikishika chini ya tochi muda mrefu. Hakusema ni kizuri. Alisema simu itaisha chaji.

Jumatatu alienda kufua. Jumanne pia. Mimi zangu zilianza kumenyeka Jumanne asubuhi, maana glita haitoki polepole, inatoka kama gamba. Chake kilikuwa bado kizima. Jumatano jioni kilikuwa kimebanduka pembeni kidogo tu. Akaniuliza kama kwenye chupa kumebaki. Nikamwambia imejaa karibu yote.

Kisha akafungua kitambaa chake, akahesabu mia moja kwa shilingi ishirini ishirini, akaiweka mezani. Nikienda tao wiki ijayo, akasema, nipande matatu.