Kupimwa na Mtu Asiyekujua

Habari zinapoenea kwamba wasomi wamegundua jambo jipya juu ya Yesu, washarika huuliza maswali mawili. La kwanza: je, ni kweli? La pili: nani amewapa watu hawa mamlaka ya kupima mambo ya Mungu? Yote mawili ni maswali mazuri. Ili kuyajibu, inafaa tujue kazi inavyofanyika mahali ambapo wengi wetu hatujafika, yaani kwenye meza ya mhariri wa jarida la kitaaluma la dini.

Utaratibu wenyewe kwa kawaida ni huu. Mwandishi anatuma makala. Mhariri anaisoma kwanza, na kama haihusiani na jarida au imeandikwa ovyo, anairudisha. Ikifaa, anaondoa jina la mwandishi na kuipeleka kwa wasomi wawili au watatu wanaolijua somo hilo. Hao hawaambiwi makala ni ya nani, wala mwandishi haambiwi wanaompima ni akina nani. Mara nyingi hawalipwi. Wanasoma, wanauliza hoja inasimama juu ya nini, kisha wanashauri ipokelewe, irekebishwe au ikataliwe. Uamuzi ni wa mhariri. Mwandishi anaweza kungoja miezi mingi, kisha akaambiwa aandike upya nusu ya kazi yake. Hata kwetu, wasomi wa Makumira, ambako Africa Theological Journal ilianza kutolewa mwaka 1968, wanaijua njia hii ya kupimana.

Je, ni haki mtu kuhukumiwa na asiyeonekana? Mkristo ana sababu ya kuuliza. Bwana Yesu anatufundisha katika Mathayo 18 kumwendea ndugu aliyekosa na kusema naye ana kwa ana. Paulo alipoona Petro amekosea kule Antiokia, alimpinga mbele ya watu wote. Tena tunafahamu jinsi jina lililofichwa linavyoweza kumpa mtu ujasiri wa kuumiza. Wako wapitiaji wanaotumia kificho hicho kumkomoa mpinzani au kumdharau kijana anayeanza.

Lakini tusome pia Yakobo sura ya 2, juu ya tajiri mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri huku maskini akiambiwa asimame kando. Jina la mwandishi ni kama ile pete. Profesa wa chuo kikubwa akiandika jambo dhaifu, wengi watasita kumkosoa. Mwalimu wa chuo kidogo cha Biblia akiandika jambo zito, wengi hawatafika ukurasa wa pili. Jina likiondolewa, hoja ya huyu na ya yule zinakaa benchi moja. Mathayo 18 inahusu dhambi kati ya ndugu na ndugu. Hapa kinachopimwa ni hoja, na mtu mwenyewe hayuko kizimbani. Hata hivyo mpitiaji bado yuko chini ya amri ya nane, ambayo katika Katekisimo Ndogo tumejifunza kwamba inatudai tumtetee jirani na kuyachukulia mambo yake kwa wema. Mhariri anamjua, na Mungu anamjua.

Je, makala ikishapita hapo imekuwa kweli? Tutazame mfano mmoja unaojulikana. Mwezi Septemba 2012, huko Roma, Profesa Karen King wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alitangaza kipande kidogo cha mafunjo chenye maandishi ya Kikopti, ambamo Yesu anamtaja mke wake. Profesa mwenyewe alisema kipande hicho hakithibitishi kwamba Yesu alioa. Kilionyesha tu, kwa maoni yake, kwamba Wakristo fulani wa zamani walilijadili jambo hilo. Jarida la Harvard Theological Review halikuchapa makala yake mara moja, kwa kuwa shaka zilikuwepo. Vipimo vya maabara vikafanyika, na mafunjo yakaonekana kuwa ya karne nyingi zilizopita. Aprili 2014 makala ikachapwa, na katika toleo hilo hilo ikawekwa makala ya Leo Depuydt, aliyesema wazi kwamba kipande kile ni cha kughushi.

Mwezi huo huo msomi mwingine, Christian Askeland, alichunguza kipande cha Injili ya Yohana kilichotoka kwa mwenye mali yule yule, chenye mwandiko unaofanana. Aliona kwamba mistari yake inafuata mpangilio wa kitabu kilichochapwa mwaka 1924. Kumbe mafunjo ya kale yanaweza kuandikwa maneno mapya. Mwaka 2016 mwandishi wa habari Ariel Sabar alifuatilia historia ya mwenye mali huyo, na Profesa King akakubali kwamba ushahidi sasa unaelekea kwenye kughushi.

Mfano huu unatufundisha kutenganisha hoja na ushahidi. Hoja inaweza kupimwa bila kujua ni ya nani, kwa sababu sababu zake zote ziko mezani. Ushahidi hauwezi kupimwa hivyo. Lazima tuulize ulitoka wapi, ulipitia mikono ya nani, na anayeuleta anapata faida gani. Maabara ilipima mafunjo, lakini swali la mikono yaliyopitia lilichelewa kupata jibu.

Washarika, hatuhitaji kuwa maprofesa ili kuishi hivi. Katika kikao cha wazee, shauri la mjane lipimwe sawasawa na shauri la yule aliyetoa mabati ya kanisa. Hapo tusitazame uso. Lakini mtu akija na unabii, ushuhuda wa muujiza, au ujumbe wa simu unaosema wanasayansi wamethibitisha fulani, tuulize chanzo chake bila aibu. Watu wa Beroya walichunguza Maandiko kila siku ili kuona kama Paulo anasema kweli, na Luka anawasifu kwa hilo. Luther naye, mwaka 1517, aliziandika hoja zake 95 ili zijadiliwe.

Wapo wanaoogopa kwamba imani ikipimwa itavunjika. Kipande kile hakikufichuliwa na watu waliokataza kisisomwe. Walikisoma herufi kwa herufi, na baadhi yao ni waumini. Basi ndugu akikuuliza jambo ulilolisema kanisani umelitoa wapi, usimhesabu kuwa adui. Mwonyeshe, na kama huna cha kumwonyesha, umshukuru kwa kuuliza kabla wengine hawajaamini.