Alama ya Maji Ukutani

Mchoraji akichora mji wa mifereji kwa uhalisia mtupu, kila dirisha na kivuli chake majini, je, amesema kweli? Plato alikataa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Seremala, alisema, anaiga wazo la kitanda. Mchoraji anaiga kitanda cha seremala, tena upande unaoonekana tu.

Canaletto, mchoraji wa Venice (1697–1768), anaelekea kumuunga mkono Plato. Aliwauzia matajiri wa Kiingereza picha za mji wake, na mara nyingine alisogeza majengo ili mandhari ipendeze.

Lakini tazama pale kuta zinapozama majini. Kuna ukanda wa kijani kibichi, mwani unaoota hadi kimo cha maji yakijaa. Canaletto aliuchora ulivyo. Mwaka 2003 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya kuulinganisha na ukanda wa leo: umepanda kwa takriban sentimita 60. Alipotaka kupendeza, mchoraji alipotosha; alipochora kitu ambacho hakuna aliyekiagiza, akawa shahidi.

Swali hilo la ukweli wa picha linafika hadi Igawa, barabara kuu ya Mbeya inapouvuka Mto Mbarali. Mifereji ya bonde la Usangu, hapo hapo, haikuchimbwa ipambe mji, ilichimbwa ifikishe maji majarubani. Hata hivyo masika yakikolea, mbingu nzima hulala kati ya miche ya mpunga, na milima ya Kipengere husimama kusini kwa rangi ya samawati. Nani asingetamani picha hiyo ukutani kwake?

Msanii akiichora hivyo hatakuwa amedanganya kwa rangi hata moja. Ila maji hayo yana safari. Mbarali humwaga maji yake katika Ruaha Mkuu, mto ambao mwaka 1993 uliacha kutiririka ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na tangu hapo umekatika kiangazi baada ya kiangazi. Mkulima wa banio la juu, wa banio la chini na kiboko wa hifadhini wanagawana maji yale yale.

Mchoraji hadaiwi kuchora msiba. Anadaiwa asiruke ukingo. Mwezi wa Septemba ukingo wa mfereji una mistari yake: chini udongo mweusi uliolowa, juu yake wa kijivu uliopasuka, na juu kabisa nyasi kavu, zimelalia upande ambao maji yalikuwa yakielekea.