Udongo Wetu Unawapofusha Furu

Ndugu zangu wa Nyakato hapa Mwanza, mvua ikinyesha, toka nje utazame mtaro. Maji yale yenye rangi ya matofali yanashuka kutoka kwenye milima ya mawe ambayo wazee wetu waliikuta na miti, nasi tumeiacha uchi. Yanakwenda Ziwa Victoria. Na huko ziwani kuna samaki wanaotoweka bila kuguswa na wavu wa mtu yeyote. Wanatoweka kwa sababu hawaonani!

Namsema furu. Usimdharau kwa udogo wake. Ziwa hili lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, na liliporudi kujaa, furu wakajigawa hadi wakafika aina zipatazo 500, kila aina na mdomo wake, chakula chake, makazi yake. Mwenye imani asitishwe na miaka hiyo. Muumba hakutuambia kwamba amefunga karakana.

Visiwa ndivyo vilivyofanya kazi hiyo, wala sisemi Ukerewe na Ukara pekee. Furu wa mawe ana visiwa vyake chini ya maji: marundo ya miamba yaliyotenganishwa na mchanga na matope asiyothubutu kuyavuka. Kila rundo likalea watoto wake. Nenda Makobe, katika Ghuba ya Speke. Hapo wapo ndugu wawili. Mmoja wataalamu wamemwita pundamilia, kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Dume lake ni la bluu na hukaa karibu na uso wa maji. Wa pili dume lake lina wekundu mgongoni, hukaa chini zaidi, na mwaka 1985 alipewa jina la Mwalimu Nyerere: nyererei. Jike humchagua mume kwa rangi. Maji yakiwa safi, hakosei.

Lakini katika Ghuba yetu ya Mwanza maji yamechafuka. Jike anatafuta wekundu, anaona kivuli. Anazaa na yeyote aliye mbele yake, na aina mbili zilizochukua maelfu ya miaka kutengana zinarudi kuwa moja. Ole Seehausen na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1997. Tangu hapo, masika mangapi yamemwaga udongo ziwani sisi tukitazama?

Najua mtasema mkosaji ni sangara, mla furu. Ni kweli, alipandikizwa miaka ya 1950, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 furu wa maji ya wazi katika ghuba hii walikuwa karibu wamekwisha. Lakini nani alimbanika sangara? Furu na dagaa huanikwa juani wakakauka. Sangara ana mafuta, anataka moto, na moto unataka kuni. Zikakatwa visiwani, zikakatwa kando ya mialo. Juu yake tukaongeza magunia ya mkaa yanayopangwa kando ya barabara zetu kila asubuhi. Mti ukiondoka, mizizi inaachia udongo. Udongo unashuka na mbolea yake. Mbolea inaotesha mwani. Mwani unazima mwanga. Toba yetu ianzie jikoni, ndugu zangu!

Asiniambie mtu kwamba msitu hauwezi kulisha chochote tena. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa kisiwani Rubondo sokwe kutoka Ulaya, wengine wakiwa wamefungiwa miaka mingi. Wakaachiwa katika msitu wa kisiwa kile. Wajukuu wao wapo hadi leo, wanajitafutia matunda wenyewe, hakuna anayewapelekea ndizi. Mwaka 1977 kisiwa kikawa Hifadhi ya Taifa. Najua pia kwamba watu walihamishwa pale, na kuhama kwao hakukuwa jambo dogo.

Mimi simwombi mtu ahame Nyakato. Naomba mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda kutoka ukingo wa ziwa: tusilime humo, tusijenge humo, matete yaachwe yachuje matope. Na wewe uliyejenga mlimani, mvua za vuli huanza Oktoba. Chimba mashimo sasa, panda miti juu ya nyumba yako na chini yake, uzuie udongo wako ubaki kwako.