Nyumba ya Baba: Tushike Lipi, Tuache Lipi?

Ndugu wasomaji, mtu ajengaye nyumba mpya ana shauri moja kubwa, nalo ni la fedha. Bali mtu atengenezaye nyumba ya kale ana mashauri mawili, maana yule aliyeijenga kwanza angali na neno ndani yake, hata akiwa kaburini. Katika nyanda zetu za juu, tangu Iringa hata Mbeya, nyumba za namna hii ni nyingi: kuta za matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, mabati yenye kutu, na milango ya mninga. Watoto waliorithi huulizana: Tutumie vitu vile vile vya zamani, au tulete vipya?

Nasi tuliulizana hivyo juu ya nyumba ya marehemu baba yetu, karibu na Iringa. Kaka yetu mkubwa, akaaye Mbeya, alisema, “Wadogo zangu, nitaleta saruji ya Songwe na mbao za Mafinga. Nyumba hii yatuaibisha.” Dada yetu akamjibu, “Kaka, matofali haya tulimwona baba akiyafyatua kwa mikono yake. Tukiyatupa, wajukuu wake tutawaonyesha nini?” Hatukuweza kumwita mmoja mwenye kiburi, wala mwingine mjinga. Kaka alitaka mama alale pasipo kuvujiwa; dada alitaka kazi ya baba isidharauliwe. Mambo hayo yote mawili ni wajibu wa watoto.

Basi tulishika njia ya katikati, tukajiona tuna hekima: kuta tukaziacha, lakini nje tukazipiga lipu ya saruji. Misimu miwili ya mvua haikupita, lipu ikabanduka vipande vipande, ikichukua na nyuso za matofali. Fundi mmoja mzee alitueleza kosa letu. Ukuta wa udongo hunywa maji kidogo, kisha huyatoa jua liwakapo. Saruji ni ngumu, huyafungia maji ndani. Ingalitupasa kutumia chokaa au udongo. Ndipo tulipoukumbuka ule mfano wa kiraka kipya katika vazi kuukuu, tuliousikia kanisani tangu utoto. Kiraka hakikuwa kibaya, wala vazi halikuwa baya. Mbaya ni haraka ya mshonaji asiyeuliza tabia ya kila kimoja.

Kwa hiyo twaona kwamba umri wa kitu si hoja ya kutosha. Wazee walituonya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Walakini cha kale nacho chaweza kuwa na kidonda chake. Huko Unguja, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, lilipokuwa likitengenezwa, na watu wawili wakafa. Sifa za jumba hazishiki ukuta. Boriti iliyoliwa na mchwa haina heshima ya kulindwa, hata kama aliipandisha babu.

Jaribu kubwa lilitupata katika banda la nyuma. Liliezekwa kwa vigae vya asbesto, navyo vilikuwa vizima. Jirani yetu, mtu maskini mwenye watoto wengi, alitaka kuvinunua, nasi fedha tulizihitaji. Lakini siku hizi yajulikana ya kuwa asbesto ikikatwa au ikivunjwa hutoa vumbi jembamba, ambalo mtu akilivuta laweza kumletea ugonjwa wa mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Tulikataa kuuza. Jirani alikasirika akisema, “Mwaninyima kwa kuwa mimi ni fukara.” Neno hilo lilituchoma. Tukampa mabati mazima yaliyotoka katika nyumba kubwa bila malipo, na juu ya vile vigae tukataka shauri la bwana afya. Kitu tusichothubutu kukiweka juu ya watoto wetu, twawezaje kukiuza kiwekwe juu ya watoto wa jirani?

Kadhalika kuna kununua vya kale. Mlango mzuri ukiuzwa kwa bei ndogo, yatupasa kuuliza umetoka nyumba gani, na mwenyewe yuko wapi. Kupenda vitu vya wazee si ruhusa ya kuwaibia.

Labda mtu atasema, serikali na itupe amri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda hasa vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863, pamoja na vile vitangazwavyo rasmi. Boma la Iringa, lililojengwa zamani za Wajerumani, lilifunguliwa mwaka 2016 kuwa makumbusho, nasi twafurahi. Lakini nyumba ya mwalimu wa kijijini haina mlinzi ila dhamiri za watoto wake.

Mwisho wa shauri letu ulikuwa huu. Kuta zilibaki, zikatengenezwa kwa udongo na chokaa. Milango ya mninga ilipigwa randa ikarudishwa. Mbao za paa zilizooza tuliziondoa, tukaweka za misonobari zilizotiwa dawa, na mabati mapya juu yake. Kaka alilipa, dada akasimamia, na mama halali tena akihamisha kitanda usiku wa mvua.

Basi, ndugu, kabla hujabomoa wala kununua, ita fundi mwaminifu, mkague pamoja kila tofali na kila ubao. Waulize na watakaolala humo. Mzee aliyejenga alitaka watoto wake wakae salama. Tukilishika kusudi lake hilo, twaweza kubadili boriti zake bila kumvunjia heshima.