Kila Ndege Huruka na Ubawa Wake: Nasaha za Jikoni kwa Wasiokula Oti

Wanangu,

Wengi wenu mlio Uingereza na Kanada mnaniuliza jambo moja: mtu afungue kinywa na nini, ikiwa ngano amekatazwa na oti nazo zinamvuruga tumbo? Mmesikia sifa za kwinoa bapa, ile iliyopitishwa kwenye mvuke kisha ikalazwa kwa mashine kama oti. Mkainunua kwa bei ya kuumiza, mkaipika kama mlivyozoea kupika oti, mkaishia kuimwaga. Nisikilizeni basi, maana tatizo haliko kwenye pakiti.

Kabla ya jiko kuna hospitali. Ukihisi ngano inakudhuru, usiiache kabla hujapimwa. Kipimo cha damu cha ugonjwa wa seliaki hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitoa gluteni, ile protini ya ngano na shayiri, inapoingia. Ukijiachisha mwenyewe, majibu yanaweza kuonyesha kwamba huna kitu, na kumbe ugonjwa ungali nao. Kula kama kawaida, pimwa, ndipo ufuate utakaloambiwa na daktari.

Ukishajulikana kuwa na seliaki, jua kwamba oti zina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba mara nyingi hulimwa, husafirishwa na husagwa mahali pamoja na ngano na shayiri, kwa hiyo huchanganyikana. Ndiyo maana huuzwa oti maalumu zilizoandikwa kuwa hazina gluteni. Wa pili ni protini ya oti yenyewe, iitwayo avenini. Walio wengi huivumilia, lakini wapo wachache ambao miili yao huikataa hata oti zikiwa safi namna gani. Hao wachache ndio hasa ninaowaandikia.

Kwinoa si ngano wala si jamaa ya ngano. Ni ukoo mmoja na mchicha, na hata majani yake huliwa kama mboga. Kwao ni nyanda za juu za Andes, kandokando ya Ziwa Titicaca, ambako watu wa Bolivia na Peru wameilima kwa maelfu ya miaka. Huko ni zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, kuna baridi ya kuua mazao mengine, na bado yenyewe husimama. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kwinoa, na tangu hapo hata maduka ya mitaani kwenu yanayo. Pale Lima, asubuhi, wachuuzi wa mikokoteni huuza kwinoa ya moto ya kunywa, iliyochemshwa na tufaha, mdalasini na karafuu. Mtoto wa Pwani akipewa kikombe hicho hatauliza ni nini. Harufu pekee itamwambia akae anywe.

Punje ya kwinoa huvikwa ngozi chungu yenye saponini, kitu kinachotoa povu kama sabuni. Kiwandani huoshwa, lakini uchungu kidogo huweza kubaki. Kwinoa nzima utaiosha mwenyewe kwenye chujio. Iliyolazwa bapa huwezi, kwani ikigusa maji inalainika papo hapo. Dawa yake ni kikaango. Weka kikaango kikavu juu ya moto wa wastani, mimina kwinoa kiasi cha kufunika sehemu ya chini tu, na usiache kukoroga. Mwanzo utasikia harufu ya nyasi mbichi. Baada ya dakika tatu au nne nyasi zinaondoka, inakuja harufu ya njugu za kukaanga, na weupe unageuka rangi ya kahawia changa. Hapo hapo imwage kwenye sahani, kwa sababu ukiiacha kikaangoni itaendelea kuungua hata jiko likiwa limezimwa.

Sasa uji. Oti zina beta-glukani, na ndiyo inayozipa ule utelezi na uzito. Kwinoa haina ya kutosha, basi usiisubiri ivutike. Chemsha kikombe kimoja cha maji na chumvi kidogo, tia theluthi ya kikombe cha kwinoa, koroga kwa dakika moja na nusu au mbili, ipua, funika. Itajifunga yenyewe ikitulia. Ukitaka uzito wa oti, punguza maji na umalizie kwa tui zito la nazi, iliki na tende zilizokatwa. Wenye mazoea ya kuloweka oti usiku kucha wasijaribu hivyo kwa kwinoa tupu: asubuhi watakuta rojo. Iloweke pamoja na mbegu za chia, au iloweke nusu saa tu kabla ya kula.

Kwenye kuoka ndiko wengi huanguka. Kwinoa bapa ni nyembamba kuliko oti, hunywa maji upesi, na haina gluteni ya kuushika unga. Biskuti hutoka nzuri machoni, ukiishika inamwagika mkononi. Tafuta kishikio: yai, ndizi mbivu iliyopondwa, au mbegu za kitani zilizosagwa na kulowekwa. Mchanganyo mwepesi ni huu: vikombe viwili vya kwinoa iliyokaangwa, ndizi mbivu tatu, yai moja, konzi ya tende, mdalasini na chumvi kidogo. Uache utulie dakika kumi na tano, kisha choma kwa nyuzi 180 mpaka kingo ziwe kahawia. Halafu usiziguse! Ziache zipoe kwenye trei, maana zikiwa za moto bado ni tepetepe.

Lakini mahali ambapo kwinoa huishinda oti, wanangu, ni kwenye katlesi. Chovya katlesi kwenye yai, igaragaze kwenye kwinoa bapa badala ya chenga za mkate, kisha kaanga. Ganda hukauka likawa jepesi, na mgeni hatajua kwamba umemwandalia chakula kisicho na ngano. Kwa kababu, vijiko vikubwa vitatu kwenye nusu kilo ya nyama ya kusaga vinatosha kuishikanisha.

Msidanganywe na matangazo. Kwa wingi wa protini, kwinoa na oti hazipishani sana; kwinoa inazidi kwa asidi amino iitwayo lisini, ambayo nafaka nyingi hupungukiwa nayo. Nayo beta-glukani niliyoitaja ndiyo husaidia kushusha lehemu, kwa hiyo aliyekuwa akila oti kwa ajili hiyo asidhani amepata mbadala kamili. Aongeze maharagwe, dengu na matunda. Isitoshe, kwinoa ina mafuta kiasi na huchacha: funga pakiti vizuri, ukiweza iweke kwenye friji.

Tena msiifanye kwinoa ndiyo wokovu pekee. Uji wa ulezi na wa mtama hauna gluteni tangu enzi za mababu, vibibi na mkate wa kumimina ni mchele na nazi. Ila unga wa lishe uliochanganywa usomwe pakiti yake kwanza, kwani mwingine hutiwa ngano. Kwinoa ipewe kazi zinazoifaa: asubuhi ya haraka, ganda la katlesi, biskuti ya kubeba kazini. Kila ndege huruka na ubawa wake.

La mwisho ni adabu ya kula kwa watu. Jikoni kwako tenga mwiko, chujio na kopo la unga, na umwombe wa nyumbani asichote kwa kijiko kilichotoka kwenye ngano. Ukialikwa Idi, mpigie mwenyeji mapema umweleze usichoweza kula, na umwahidi kubeba sahani ya katlesi zako, za kutosha watu wote. Usinyamaze ukaja kula sambusa kwa kuona haya. Hakuna shangazi mwenye akili timamu atakayefurahi kusikia kwamba heshima yake ilikulaza kitandani.